Waliponiita Mbili ya Nne

Wiki mbili zilizopita nilifanya kosa kazini ambalo nilidhani nimelizika tangu darasa la nne. Nilikuwa naandika habari fupi, ya aya tano tu, kuhusu kikundi cha akina mama wanaowekeana akiba na kukopeshana. Mwanzoni wanachama waliochelewesha marejesho walikuwa theluthi moja ya kikundi. Mwaka uliofuata wakawa robo. Mimi nikaandika, bila hata kusita, kwamba wadaiwa sugu "wameongezeka kutoka theluthi hadi robo".

Mhariri wangu ana tabia ya kusoma huku akiguna. Safari hii hakuguna, akaniita.

"Kijana, theluthi na robo, ipi kubwa?"

Nikajibu haraka haraka: "Robo." Akaninyamazia. Nikarudia kichwani, nikasikia masikio yanapata moto. Chumba kizima cha habari kikacheka. Mzee wa michezo akauliza kwa sauti kama chuo kikuu nilichosoma kilikuwa na madarasa au kilikuwa na viti tu. Bahati nzuri ukurasa ulikuwa haujaenda mtamboni, tukasahihisha yakaisha.

Lakini kwangu hayakuisha. Usiku wake nikakumbuka jina langu la utani la zamani, na nikakumbuka kwamba hesabu hii ya sehemu iliwahi kukaribia kumnyang'anya mama yangu haki yake. Naomba leo niwasimulie, maana naona watu wengi tunaichukulia kama hesabu ya watoto, ukishamaliza mtihani unaitupa pamoja na kaptula.

Haya, turudi Tanga mwaka 2009. Nilikuwa darasa la nne katika shule moja ya msingi ambayo nitaihifadhi jina. Darasani tulikuwa zaidi ya wanafunzi tisini, dawati la watatu tunakaa watano, kitabu kimoja cha Hisabati tunasoma sita, na yule wa pembeni anaona jalada tu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mzima, mpole akiwa ofisini, mkali akishika chaki. Siku ya kwanza ya mada ya sehemu alichora duara ubaoni akasema, "Hili ni chungwa." Nani Tanga asiyejua chungwa? Msimu ukifika, malori kutoka Muheza yanapita yamejaa mpaka yanadondosha, na sisi tunakimbia nyuma yake.

Akalikata lile chungwa la chaki kwa mstari mmoja. Nusu. Akaongeza mstari. Robo. Mpaka hapo tulikuwa naye, maana robo na nusu tulizijua kabla ya kujua kusoma. Nani hajatumwa dukani nusu kilo ya sukari? Nani hajaambiwa awe amerudi saa kumi na mbili kasorobo? Kasoro robo ni hesabu ya kutoa sehemu, tunaifanya kila siku na hakuna anayeogopa.

Kisha akaandika namba mbili na mstari katikati. Ya juu akatuambia inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Tukaimba: "Juu kiasi, chini asili! Juu kiasi, chini asili!" Tuliimba vizuri sana. Hakuna aliyeuliza kwa nini ya chini inaitwa asili, na mimi nilikuja kupata jibu lake miaka kumi baadaye, nikiwa nimekaa kwenye mkeka msibani. Nitafika huko.

Siku ya tatu tukaanza kujumlisha. Mwalimu akaandika 1/2 + 1/2 akauliza nani anaweza. Nikanyoosha kidole mpaka nusura nisimame juu ya dawati. Niliona ni rahisi mno. Nikaenda ubaoni, nikajumlisha juu na juu nikapata mbili, chini na chini nikapata nne, nikaandika 2/4, nikarudi kwenda kukaa huku natembea kama mbunge.

"Rudi hapa," mwalimu akasema. "Mbili ya nne ni sawa na ngapi?"

Hilo nilikuwa nalijua, tulikuwa tumefundishwa kurahisisha. "Ni nusu, mwalimu."

"Kwa hiyo nikikupa nusu chungwa, nikakuongeza nusu chungwa, una nusu chungwa?"

Kimya.

"Nusu nyingine imeliwa na nani?"

Darasa likapasuka. Mwalimu akachukua fimbo yake ya mwarobaini akasema nilistahili nne, lakini kwa sababu nilijitolea atanipa mbili. Mbili ya nne. Basi jina likanishika siku hiyo hiyo kabla ya kengele. Mbili ya Nne, pasi huku! Mbili ya Nne, mama yako anakuita! Mpaka dada yangu, ambaye alikuwa hata shule hajaanza, akalijua.

Fimbo zile zilinifundisha kwamba nimekosa. Kwa nini nimekosa, hazikunifundisha. Wiki iliyofuata tukapewa njia: tafuta KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, cha zile asili. Gawanya KDS kwa asili ya kwanza, zidisha kwa kiasi chake. Fanya hivyo kwa ya pili. Jumlisha vilivyo juu, cha chini kiache. Nikaikariri kama ninavyokariri dua. Na ukija kugawanya, sehemu ya pili igeuze, ya juu iende chini, ya chini ije juu, halafu zidisha. Kwa nini igeuzwe? Kwa sababu mwalimu amesema igeuzwe. Juu ya hayo yote tukawa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kichwa changu kilikuwa kabati la sheria ambazo sikujua zinalinda nini.

Aliyenifumbua macho alikuwa mama. Mama aliishia darasa la saba na alikuwa na genge mbele ya nyumba yetu: nyanya, vitunguu, dagaa, na mafuta ya taa ya rejareja. Kwenye mafuta ya taa alikuwa na chupa ya nusu lita na kopo la robo lita. Jirani mmoja alikuwa anachukua kwa mkopo, asubuhi nusu, jioni robo, na mwisho wa wiki wanahesabiana. Siku moja mama akaniita nimsaidie kuandika, mimi si ndiye msomi. Nikaandika 1/2 + 1/4, nikaanza kutafuta KDS pembeni ya daftari. Mama akaniangalia.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"KDS."

"Mimi sijui hiyo. Pima yote kwa kopo dogo. Kwenye nusu kopo linaingia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na hii robo ni kopo moja. Makopo mangapi?"

"Matatu. Robo tatu!"

"Basi. Huwezi kuhesabu chupa na kopo pamoja ukasema ni vitu viwili. Vipimo ni tofauti. Tafuta kipimo kimoja kinachoingia kote, ndipo uhesabu."

Jamani, nilikaa chini. KDS ndiyo hiyo! Kumbe asili ni ukubwa wa kopo, na kiasi ni makopo mangapi. Nilipojumlisha nne na nne za mwalimu, au mbili na mbili, nilikuwa najumlisha ukubwa wa makopo, kitu ambacho hakina maana yoyote. Na kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa ndivyo kopo linavyokuwa dogo, maana lita ni ile ile, umeikata vipande vingi zaidi. Hata ile ya kugeuza ikaeleweka: lita moja gawanya kwa nusu lita ni kuuliza chupa ngapi za nusu zinatoka kwenye lita. Mbili. Kugawanya kukaleta jibu kubwa zaidi na dunia haikuanguka.

Ningependa kusema kuanzia hapo nikawa bingwa. Hapana. Nilimaliza darasa la saba mwaka 2012, mwaka ambao mtihani ule ulisahihishwa kwa kompyuta kwa mara ya kwanza, majibu ya kuchagua herufi na kuweka kivuli kwa penseli, na nakiri mbele yenu kwamba kuna vivuli niliviweka kwa kubahatisha. Nikaenda sekondari, na huko lugha ikabadilika. Kiasi kikawa nyumereta, asili ikawa dinomineta, KDS ikapata jina jingine, na lile kopo la mama likabaki nyumbani kwa sababu lilikuwa halizungumzi Kiingereza. Nikarudi kukariri. Nikachagua mchepuo wa lugha, nikaingia chuo kusomea uandishi, nikaamini mimi na sehemu tumeachana kwa amani.

Mwishoni mwa mwaka 2019 baba akafariki. Nilikuwa nimeanza mwaka wa kwanza chuoni. Kuhusu baba nitaandika siku nyingine nikiweza. Leo nataka kuzungumzia siku ya hitma ya arobaini, ambapo wazee walikaa baada ya dua ili waangalie mambo ya mirathi.

Waliobaki walikuwa hivi: mama, bibi yetu mzaa baba, kaka yangu mkubwa, mimi, na dada yetu mdogo. Baba mdogo alikuwa ndiye msimamizi. Yeye mwenyewe hakuwa na fungu, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu ndugu hapati kitu kama marehemu ameacha mtoto wa kiume. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamfikiria vibaya. Ni mtu aliyeniuzia baiskeli yake ili nipate ada ya kidato cha tano, yaani aliiuza yeye, hela nikapewa mimi. Alichofanya siku ile alikifanya kwa moyo safi.

Deni la baba lilikuwa limeshalipwa, wasia hakuacha. Kilichobaki ni nyumba na kiwanja chake, na wazee walikubaliana thamani ya shilingi milioni 48. Mafungu yalijulikana, hayakuhitaji mjadala: mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni, mama wa marehemu aliyeacha watoto ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Kwa lugha ya darasani, mama 1/8, bibi 1/6, sisi watatu kilichobaki.

Shehe alikuwa hajafika. Baba mdogo akachukua daftari la rambirambi, akafungua ukurasa wa nyuma, akasema tutangulize hesabu ili shehe akija ahakiki tu. Akaandika taratibu, kila mtu anaangalia kalamu. Moja ya nane jumlisha moja ya sita. Moja na moja mbili. Nane na sita kumi na nne. Mbili ya kumi na nne. Akarahisisha: moja ya saba.

"Kwa hiyo hawa wakubwa wetu wawili wana moja ya saba, wagawane. Sita ya saba ni ya watoto."

Mzee mmoja akasema mashallah. Kaka yangu akafungua simu, akagawanya milioni 48 kwa saba, akasoma jibu: milioni sita, laki nane na ushei. Watu wakatikisa vichwa kuafiki.

Mimi nilikuwa naiangalia ile 2/14, na naapa nilisikia harufu ya chaki.

Sasa hapa nataka niwe mkweli, maana kuandika bila ukweli ni kupoteza muda wenu na wangu. Sikusema kitu mara moja. Kwanza, mimi ni nani nimsahihishe baba mdogo mbele ya wazee, siku ya hitma ya kaka yake? Pili, kichwa changu, kile kile kisichojua hesabu, safari hii kilikimbia. Kama mama na bibi wana moja ya saba tu, sisi tunabaki na zaidi ya milioni 41. Fungu langu lingekuwa zaidi ya milioni 16. Kwa hesabu sahihi lingekuwa pungufu kwa karibu milioni tatu. Nilikuwa mwanafunzi, mkopo wa chuo hautoshi, laptopu yangu imekufa kioo. Nilikaa na kile kimya labda dakika moja. Sikumbuki dakika ndefu kuliko hiyo.

Mama alikuwa eda, yuko chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Alikuwa anasikia kila kitu. Hakusema neno. Nikakumbuka kopo.

"Baba mdogo, samahani," nikasema. "Naomba kuuliza kama mtoto."

"Uliza, baba."

"Bibi akiwa peke yake ana moja ya sita, sivyo?"

"Ndiyo, sudusi."

"Chungwa ukilikata vipande sita, na jingine la ukubwa ule ule ukalikata vipande saba, kipande kipi kikubwa?"

Akafikiri. "Cha sita."

"Sasa bibi peke yake ana kipande cha sita. Akiungana na mama wanapataje kipande cha saba?"

Pakawa kimya. Halafu bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya mzungu, akavuta ukaya wake akasema, "Yaani mkwe wangu amekuja na fungu lake, akaniongezea, langu likapungua?"

Hapo hata wazee wakacheka, cheko la msibani, la chini chini. Baba mdogo akaitazama karatasi yake kwa muda. Akaniambia, "Haya, msomi, ifanye wewe." Sikujua kama amekasirika.

Nikaifanya kwa kopo. Kipimo gani kinaingia kamili kwenye vipande vya nane na kwenye vipande vya sita? Ishirini na nne. Moja ya nane ni tatu katika ishirini na nne. Moja ya sita ni nne katika ishirini na nne. Jumla saba. Saba katika ishirini na nne, sawa na milioni 14. Yaani zaidi ya mara mbili ya kile tulichokuwa tumewaandikia.

Shehe alipofika baada ya alasiri hakuuliza tumefika wapi. Alikaa, akasikiliza waliobaki ni nani na nani, akasema kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe: "Asili ya masala haya ni ishirini na nne."

Asili! Nikashtuka. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba katika elimu ya mirathi kila masala yana asili yake, yaani namba ya msingi ambayo mafungu yote yanatoka humo bila kuvunjika, na kwamba asili hizo ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Kumbe lile neno tuliloliimba ubaoni, juu kiasi chini asili, wanazuoni wa mirathi walikuwa nalo karne nyingi kabla ya shule yetu kujengwa. Majina yenyewe ya sehemu tumeyapata kwenye Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumni, mpaka ushuri. Na al-Khwarizmi, yule bwana aliyeandika kitabu cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu chake aliijaza masala ya wasia na mirathi. Watu walikuwa wanajifunza hesabu hii kwa sababu kuna mjane amekaa chumba cha ndani anasubiri.

Shehe akaendelea. Mama tatu, bibi nne, zimebaki kumi na saba za watoto. Wavulana wawili wana mafungu mawili mawili, binti moja, jumla matano. Kumi na saba kwa tano haigawanyiki, basi akazidisha yote kwa tano, asili ikawa 120. Mama 15, bibi 20, kaka 34, mimi 34, dada 17. Jumlisheni wenyewe mtaona zinatimia 120. Kwa milioni 48: mama milioni 6, bibi milioni 8, sisi wanaume milioni 13 na laki 6 kila mmoja, dada milioni 6 na laki 8. Senti haikupotea, hakuna nusu chungwa iliyoliwa na mtu asiyejulikana.

Mimi nikauliza swali moja la kitoto: je, mafungu yakizidi mali? Akatabasamu, akanipa masala maarufu ya mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumni, theluthi mbili, sudusi na sudusi. Kwa asili ya ishirini na nne unapata 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mali ni ishirini na nne, wenye haki ni ishirini na saba! Inasimuliwa kwamba Imamu Ali aliulizwa hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano ule ule: mafungu yanabaki yale yale, asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27, na 3 katika 27 ndiyo hiyo moja ya tisa. Nilipokuwa darasa la nne, sehemu ambayo kiasi chake kinazidi asili tuliiita sehemu guni, na niliiona kama mzaha wa watunga vitabu. Kumbe ndani yake kuna familia nzima inapunguziana kwa haki.

Nyumba hatukuiuza. Mama na bibi walikaa humo, na mafungu yamebaki yameandikwa, kila mtu anajua lake. Jioni ile baba mdogo alinikuta uani naosha sufuria. Nikamwambia shikamoo upya, kwa woga. Akaitikia marahaba, akasimama kidogo, kisha akasema: "Mimi shuleni nilichapwa sana kwa hesabu ile. Mpaka leo nilikuwa najua nilichapwa kwa utundu." Akaingia ndani. Mtu wa zaidi ya miaka hamsini, amejenga nyumba, amesimamia harusi na misiba, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kopo.

Ndiyo maana kosa langu la wiki mbili zilizopita limeniuma kuliko kicheko cha wenzangu. Kazi yetu hii ya uandishi imejaa sehemu, ila tunazivika suti na kuziita asilimia. Livunjeni hilo neno mtaona asili na mia: sehemu ambayo asili yake ni mia. Na kila mara swali ni lile lile la mama, kipimo gani, na cha kitu gani? Chukueni theluthi mbili za Bunge. Ibara ya 98 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka mabadiliko ya Katiba yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa baadhi ya mambo theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande kwa asili yake. Tuseme bunge lina watu 300 na waliokuja ni 210. Theluthi mbili ya wote ni 200. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 140. Mwandishi akiandika "theluthi mbili" akaishia hapo, amesema kiasi ameficha asili. Na msomaji atafanya nini? Atasema mashallah.

Nilimpigia dada yangu kumsimulia kisa cha theluthi na robo. Sasa hivi yeye anasomea ualimu, tena wa shule za msingi. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Mbili ya Nne, hujapona tu?" Halafu akaniuliza kama mama bado analo lile kopo, maana anaanza mazoezi ya kufundisha mwezi ujao na amepangiwa darasa la nne.

Nimemuuliza mama. Analo. Anapimia mchele wa kuku.

Nanyi wasomaji, hebu niambieni: nani aliwafundisha sehemu, na alitumia nini, kopo au fimbo?